Nafasi ya Mbele kwenye Machela

Kila mwezi wa nane, sisi Waanglikana wa mtaa wetu humbeba Bikira Maria kutoka kanisani hadi kikanisa cha kilimani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Jirani yangu Mkatoliki hunichokoza: "Mlimwazima kwetu, mtamrudisha lini?" Nami humjibu, "Mama haazimwi, shoga."

Sanamu ni ya mbao, nzito kama gunia la saruji. Hukaa juu ya machela, na wanawake wanne huibeba. Wiki mbili kabla ya hija, fundi seremala hutusimamisha kwenye mwimo wa mlango wa kanisa, tumevua viatu, akatupima mabega na kutia alama ya penseli. Wote wanne sharti tuwe sawa, la sivyo Mama Maria atainama. Mimi nilibeba mbele, upande wa kulia, mti wa machela ukilala bega langu la kushoto, miaka ishirini na miwili. Mwaka ule fundi alinipima mara mbili, akakohoa.

"Bibi, umepungua vidole viwili."

"Labda mlango umerefuka," nikasema. Wenzangu wakacheka.

Nikataka nafasi ile aishike binti yangu, maana kimo chake ndicho changu cha zamani. Lakini kina mama wa kanisa wana sharti lao: mbebaji awe mke anayekaa kwa mumewe. Naye binti yangu alikuwa kwangu tangu Pasaka, alikuja na sanduku moja na mdomo uliopasuka. Mwenyekiti wetu, ambaye ndiye mamamkwe wake, aliniambia huku akijipepea, "Akirudi kwake, atabeba. Asiporudi, wako wengi."

Nikarudi nyumbani, nikamkalisha kitako.

"Rudi tu, mwanangu, hija ipite. Ndoa ni kuvumiliana. Mimi na baba yako tulivumiliana."

"Baba alikuwa anakupiga?"

"La, hata siku moja."

"Sasa ulivumilia nini, Mama? Kukoroma?"

Nilicheka, nikaendelea kumkunjia nguo. Sitaki kumsingizia mtu: nilizikunja mwenyewe, moja moja, blauzi nyeupe ya hija nikaiweka juu kabisa isipate mikunjo.

Akarudi kwa mumewe. Kesho yake fundi akampima, akapiga mluzi. Sawasawa!

Siku ya hija alifika amechelewa, uso umempauka. Akanivuta kando.

"Mama, naomba nibebe upande wa pili."

"Upande wetu ni huu."

"Nakuomba, Mama."

"Usinitie aibu mbele za watu."

Akanitazama kidogo, kisha akainama, akaingiza bega.

Tulianza kwa nyimbo. Mumewe alitangulia na msalaba, shati limepigwa pasi hadi kola inasimama. Tulipoanza kupanda, sanamu ikainama upande wetu. Watu wakaguna.

"Simama wima, bibie!" mwenyekiti akamfokea. "Au kwa mama yako ulikuwa huli?"

Nikasogea karibu ili nimnong'oneze ajikaze. Ndipo nikaona. Chini ya blauzi, mfupa wa bega la kushoto ulikuwa umevimba kama ngumi, na mti wa machela umelala juu yake.

"Lini?" nikauliza.

"Jumatano."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuomba upande."

Nikajaribu kuingiza bega langu, lisifike. Nikaudaka mti kwa mikono miwili, niuinue.

"Toa mikono, Mama. Unaniongezea uzito."

Nikaitoa.

Alibeba hadi madhabahuni. Aliishusha machela taratibu, hata mishumaa haikutikisika. Kasisi akawashukuru wabebaji, mwenyekiti akapiga makofi. Binti yangu akatoka nje, nami nikadhani amekwenda kunywa maji.

Kwa mumewe hakurudi, wala kwangu hakuja. Leo ni mwaka wa tatu. Kaka yake ndiye mwenye namba yake ya simu. Ananiambia dada yake anashona kiwandani, mkono wa kushoto hauinuki vizuri. Kila nikimpigia huyo kaka namwambia, "Mwambie dada yako, mama anamsalimu." Naye hunijibu kwa adabu, "Namwambia, Mama. Huwa ananyamaza tu."