Ukoo Alioutaja Asiamah

Daktari alimuuliza mume wangu swali jepesi tu. "Baba, katika ukoo wenu, nani amewahi kukatwa mguu, kupofuka, au kufa kwa figo?"

"Hakuna," akajibu Asiamah, kifua mbele. "Ukoo wetu damu safi."

Nami nilikuwa nimekaa palepale, kwenye benchi la kliniki ya sukari mjini Kumasi, nikaitikia kwa kichwa. Wala hakudanganya. Kwetu Waashanti ukoo ni wa mama. Baba anakuzaa, anakupa jina, anakusomesha, lakini yeye ana ukoo wake na wewe una wako. Basi baba yake Asiamah, aliyekufa na vidole vyeusi ti, na baba zake wadogo wawili waliokatwa miguu, hawakuandikwa popote. Najilaumu mpaka leo.

Miaka miwili baadaye mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Daktari yuleyule akatueleza kwamba sukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya wengi, ila wapo wanaozaliwa na kitu mwilini kinachofanya mishipa hiyo iharibike upesi zaidi, na kitu hicho hurithiwa.

"Waite watu wa ukoo wako tuwapime," akasema. "Tukiwahi, tunaokoa miguu."

Asiamah akawaita wapwa zake sita, watoto wa dada yake, warithi wa shamba lake la kakao. Wakatolewa damu, majibu yakaja: hawana kitu. Mzee akalia kwa furaha, akaniambia nichinje kuku.

Nilikuwa natwanga fufu ya mihogo, nikauweka mchi chini. Dada yake yule ni tumbo moja naye, lakini baba mbalimbali! Wapwa hao wangeyapata wapi maradhi ya baba yake Asiamah?

"Baba Serwaa, na Serwaa je?"

"Serwaa ni wa ukoo wenu," akacheka. "Kama kwenu kuna kuoza, kamuulize kaka yako."

"Na miguu ya baba yako ilioza kwa ukoo wa nani?"

Akageukia jiko. Akasema supu inaungua. Nilimchukia siku ile, pamoja na kilema chake. Nikajichukia na mimi, maana hesabu hiyo ningeweza kuipiga zamani.

Kesho yake nikamburura Serwaa, mtoto wetu wa pekee, mwenye miaka thelathini na tatu, muuza vitambaa sokoni, mpaka kliniki. Alinung'unika njia nzima. "Mama, mimi mzima! Unanitafutia ugonjwa kwa tochi?"

Sukari yake ilikuwa juu mno. Daktari alisema huenda ameishi nayo miaka mingi bila kujua. Akamlaza kitandani, akamvua viatu, akamwambia afumbe macho. "Kila nikikugusa kwa hii sindano butu, useme."

Nilisimama miguuni pake. Daktari akabonyeza kidole gumba. Akabonyeza kisigino. Akahamia mguu wa pili, akabonyeza unyayo mpaka ngozi ikabonyea, kisha akaniangalia mimi. Nilitamani binti yangu apige hata kelele.

Serwaa alikuwa ametulia, macho kayafumba, midomo kaibetua kwa kuchoka kungoja.

"Daktari," akasema, "utaanza saa ngapi? Nimeacha wateja."