Kilomita Elfu Nane na Mia Saba

Walipoingia kwenye foleni ya ndege ya Nairobi pale uwanja wa Baiyun, Vedasto alikuwa ameshautazama umbali ule kwenye simu mara tisa. Guangzhou hadi Nairobi: kilomita elfu nane na mia saba, pungufu kidogo. Kutoka Nairobi mkewe, Bertila, aliyesafiri peke yake, angeunganisha hadi Bukoba, maana wanawake wa kwao huzalia mtoto wa kwanza kwa mama zao, na tumbo lilikuwa la miezi minane.

"Bado unaitazama hiyo simu?" Bertila alimsuta. "Ukiikodolea macho kilomita zinapungua?"

"Naangalia tu."

"Angalia begi. Mwenzio mzito."

Vedasto alikuwa akitafuta katikati ya safari, pale ambapo kurudi na kufika ni sawasawa, na kila alipopaona palikuwa bahari tupu. Uchungu ukimshika hapo, nani atampokea mtoto? Mgawa juisi? Akagawa kilomita kwa mwendo wa ndege, akapata saa kumi na ushee. Akagawa tena. Alikuwa akisomea uzamivu wa ujenzi wa madaraja huko Guangzhou, na tangu utotoni namba ndizo zilizomtuliza.

Leo zilimuumbua. Fomu ya ndege ilitaka umri wa mimba kwa wiki, si miezi. Jana aliijaza mwenyewe, haraka haraka, kama wanavyohesabu wote kwao: mwezi ni wiki nne, minane mara nne, thelathini na mbili. Sasa, katika kuzidisha na kugawa, akakwama. Miezi kumi na miwili mara nne ni wiki arobaini na nane. Lakini mwaka una wiki hamsini na mbili!

Akagawa hamsini na mbili kwa kumi na miwili, akazidisha kwa minane. Wiki za Bertila zilikuwa zinagonga thelathini na tano. Mwisho wa kupanda ndege ile ni thelathini na nne.

Mbele yao walibaki watu wawili. Bertila alivaa dera pana; Vedasto akinyamaza, watapita.

"Nimekosea hesabu," Vedasto alinong'ona.

"Ya nini?"

"Ya mimba."

Alipomweleza, Bertila alimtazama mdomo wazi. "Wewe? Msomi mzima? Mama ameshapaka chumba rangi, Veda! Funga mdomo tupite."

"Maji yale ni mengi, mke wangu."

"Funga mdomo, nimesema."

Zamu yao ikafika. Binti wa kaunta akaisoma fomu. "Wiki thelathini na mbili?"

Bertila akamfinya mkono.

"Hapana," Vedasto alisema. "Thelathini na tano. Mimi ndiye niliyekosea."

Pasi ya Bertila ikarudishwa; hapandi ndege. Bertila akakaa juu ya begi, akalia bila sauti, kisha akampigia mama yake na kuweka spika.

"Mama, siji. Nitazalia huku."

"Nani atakushika mgongo?"

"Vedasto yupo."

"Vedasto mwanamume?"

"Ndiye niliye naye, mama."

Kwao mkwe na mama mkwe husalimiana kwa mbali, macho chini. Hata homa hawaulizani. Mama akakohoa.

"Mpe simu."

Vedasto akaipokea kwa mikono miwili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zima hiyo spika, usogee pembeni, watu wasitusikie. Umesogea? Haya. Kwanza kucha zako, zikate. Halafu mgongo unashikwa hivi."