Kopo la Kura

...na huu mkono nao, kwa nini uchague leo kuuma, bega zima kama lililolaliwa na ng'ombe, na Mwenyekiti Mwangangi ameshasimama, anavuta suruali juu ya tumbo, anasema wanaokubali wainue mikono tuhesabu twende tukale, na mikono inaanza kupanda ukumbini, ule wa mbele, ule wa dirishani, kila mmoja ukichungulia mwenzake kwanza, na Ndeti ameukalia wake, Mungu wangu, jinsi alivyochoka, tangu asubuhi madiwani wazima wanabishana, wala si juu ya sheria yenyewe, ni juu ya namna ya kuipigia sheria kura, eti kopo liondoke, kuanzia leo iwe mikono tu. Kopo lenyewe hilo pale mezani kwa karani, lilikuwa la mafuta ya kupikia, kanso mpya, baraza zima la madiwani, haina hata sanduku la kura, kila diwani anaandika ndiyo au la, anakunja, anatumbukiza, basi, hakuna anayejua ya nani ni ipi, na mara ya mwisho kopo liliangusha hoja ya Mwangangi, akabaki anawatazama mmoja mmoja asijue amnunie nani. "Mwanaume hafichi kura," alisema asubuhi, "ama sisi ni wachawi, tunafanya vitu na giza?" na wote wakacheka, Ndeti naye akacheka, sasa yeye alikuwa anacheka nini... Ndinda peke yake ndiye hakucheka, diwani mwanamke pekee, anaketi hapa kando yake, alisimama akauliza, "Bwana Mwenyekiti, hii kura ya kuondoa kopo, si tupige na kopo?" na Mwangangi akamjibu kwamba kanuni haijasema, na mahali kanuni imenyamaza mwenyekiti ndiye anasema, keti mama. Akaketi. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda, polepole, kama mchwa, kwanza sheria ilikuwa isomwe mara tatu, siku mbalimbali, ili mtu arudi nyumbani awaulize watu wake, wakapitisha isomwe mara zote tatu alasiri moja, halafu wakapunguza dakika za kuongea, na kila mara Ndeti alijiambia ni kanuni tu, kanuni haimli mtu... na baada ya chakula inakuja sheria yenyewe, ile ya mchanga, malori ya barabara ya Mombasa yaruhusiwe kushuka mpaka mtoni kuuzoa, na mchanga ukienda maji yanaenda, mtoto mdogo anajua, mkewe Syokau anachimba shimo pale mchangani, anangoja maji yajikusanye, anayachota kwa kata, anangoja tena, na ukweli ni kwamba kwa kopo sheria hiyo ingekufa leo leo, maana kila mtu humu ana mke wa kuchota maji, lakini kwa mikono itapita, maana kila mtu humu pia anangojea kitu kwa Mwangangi, na yeye Ndeti anangojea mabati, zahanati ya kwao ni kuta tupu, mvua inanyesha ndani, "Mabati yako njiani, mzee," Mwangangi alimwambia pale mlangoni, akimshika bega hili hili bovu, akaliminya kidogo.

"Wewe hauinui?" Ndinda ananong'ona bila kugeuza shingo.

"Mkono unauma."

"Yangu haiumi. Mimi naogopa tu."

...na nani asiyeogopa, watu wakionwa hawawi watu wale wale, Ndeti anajua, aliiona kura ya mlolongo ya themanini na nane, uwanja wa shule, jua la utosi, kila mtu apange foleni nyuma ya mtu wake, na foleni yake ilikuwa ndefu mpaka ikapinda kwenye ua, na ya mpinzani wake fupi, watu wachache wenye macho chini, na katikati yao nani, Nzioka, mdogo wake wa tumbo moja, waliyelala naye ngozi moja utotoni, na Nzioka hakutazama chini, aliinua mkono akampungia, mbele ya watu wote, na Ndeti akasema moyoni huyu ananicheka, akageuza uso, na mpaka leo hajaketi kwa Nzioka kula, walipomzika mama yao walisimama huku na huku kwenye kaburi kama watu wa vijiji viwili... lakini Nzioka alikuwa amemwambia kabla, hilo nalo ni kweli, alikuja mpaka nyumbani akamwambia, "Wewe ni ndugu yangu, lakini kwa mambo ya mto mimi sikuamini," na leo nani mjinga. Na ile foleni ndefu, mbona hajawahi kuiuliza kitu, chifu alisimama pale pembeni na fimbo yake, wangapi walimfuata Ndeti na wangapi walifuata fimbo, hajui, hatajua mpaka aingie kaburini, uwanja mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa kuaminika, na huyo ndiye yeye Ndeti amemnunia miaka yote hii. Inauma. Bega si kitu.

"Wanaopinga," Mwenyekiti anasema, anakusanya karatasi zake hata hainui macho, kiti kinalia mahali, Ndinda anatazama mapajani... si kila mtu ni Nzioka, ndilo hilo, Ndinda si Nzioka, yeye Ndeti mwenyewe si Nzioka, ndiyo maana kuna kopo, kopo ni la watu waoga, na watu waoga nao wana mto... wa kushoto ungekuwa matusi, basi ni huu huu mbovu, anauchomoa chini ya paja, anausukuma kwa ule wa kushoto, kiwiko, bega linalia, mabati, kwaherini mabati, na unafika juu, kiganja wazi, na ukiutazama vizuri ni kama wa mtu anayepunga.

"Mzee Ndeti," Mwangangi anasema, na ukumbi unaanza kucheka, "hiyo mkono ni ya kupinga, ama unasalimia mtu?"

"Ni ya kupinga," anasema Ndeti, na kumsalimia mtu pia, lakini hilo halisemi, anamwachia karani ahesabu, na karani anahesabu polepole, na mkono uko juu bado.