Rimoti Aliyopewa Shemeji

Haya ninayoandika yalitokea Kwamsisi, na kama nimeongeza hata chembe, basi meno yangu mawili yaliyobaki yang'oke nikinywa uji.

Mimi ni Muhidini, dereva mstaafu wa trekta wa mashamba ya mkonge, Korogwe. Kazi hiyo nimeifanya miaka thelathini na moja. Nimewahi kuvuka Mto Pangani na trekta wakati wa mafuriko, mamba wawili wamejipakia kwenye tela, na wote nikawashusha salama ng'ambo. Wanaobisha ni wale tu waliokuwepo.

Mwaka huu akaja mtafiti wa udongo, Sipora, binti wa Moreto, mfugaji wa Mazingara. Akashusha kwenye pikapu kigari cha magurudumu sita, kimo chake kama mbuzi, hakina usukani wala kiti. Unakiendesha ukiwa mbali, kwa rimoti. Kikifika kwenye kigingi kinasimama, kinachoma sindano ndefu ardhini, na habari za udongo zinaruka mpaka kwenye simu ya Sipora, kubwa kama sinia: unyevu, chumvi na mengineyo.

Akasema anataka mwenyeji mmoja wa kushika rimoti. Atajaribiwa siku moja katika shamba la dada yangu Mwaija, vigingi kumi na viwili. Akifaulu, kigari ni chake msimu mzima. Sindano ikiingia kombo, vipimo vinaharibika, na dereva hafai.

Nilishasimama, koti langu la kazi mwilini. Binti akanipita, akampa rimoti Mhina.

Mhina! Mume wa Mwaija! Mtu ambaye hata baiskeli anaisukuma!

"Kwa nini yeye?" nikauliza.

"Mzee, ana mkono mpole," alisema Sipora. "Wewe jana nilikuonjesha kidogo, ukakigonga kwenye kichuguu."

"Kichuguu ndicho kilichonifuata."

Asubuhi nzima nikakaa pembeni nikitazama. Mwaija, dada yangu wa tumbo moja, akaja na chupa ya chai na mihogo, akanivuka kama gogo, akamfunika mumewe kwa mwavuli. "Endesha taratibu, baba Munira, jua lisikuumize." Mimi nikapata chai ya mwisho, ile yenye majani. Kifuani nilisikia siafu wanatembea. Na kilichoniuma kuliko chai ni kwamba kigari kilimtii. Kilipanda tuta, kikashuka, kikageuka kwa adabu, kana kwamba Mhina ndiye aliyekizaa.

Adhuhuri, vigingi sita vimeisha, wanaume wakaenda kuswali, Sipora akaenda kula. Mimi nikasingizia tumbo. Nikachukua chumvi ya mawe, nikaitwanga, nikaimwaga kwa maji kwenye vigingi sita vilivyobaki.

Waliporudi, kigari kikachoma cha saba. Sipora akakunja uso.

"Mbona chumvi imepanda hivi? Babu Mhina, umeinamisha sindano?"

"Mwanangu, imeingia wima kama mnara!"

Cha nane, vilevile.

"Usimlaumu," nikasema kwa huruma nyingi. "Udereva si kazi ya kila mtu. Nipeni mimi."

Sipora akaichukua rimoti kwa Mhina, akageuka kwangu. Vidole vyangu vilikuwa vinacheza tayari.

Hapo ndipo ng'ombe wa Moreto walipopita kwenda kunywa maji. Mimi mtu wa mkonge, sikukumbuka kwamba ng'ombe wa nyika akinusa chumvi haulizi njia. Wakakata kona wote mia nne, au tuseme arobaini, wakaenda kigingi cha tisa, cha kumi, cha kumi na moja, wakilamba ardhi.

"Tunapita hapa tangu nikiwa mdogo," Moreto akasema, ameegemea fimbo. "Hawajawahi kulamba."

Ng'ombe mmoja mweupe akaacha kigingi, akanijia. Nikarudi nyuma, akanifuata. Nikauzunguka mwavuli, naye akauzunguka. Akanibana, akaingiza ulimi wote kwenye mfuko wa koti langu.

"Kaka, umebeba nini humo?" akauliza Mwaija.

"Dawa ya meno."

"Ya meno gani?"

Akatia mkono, akatoa chumvi, akaionja. "Kaka Muhidini! Kwenye shamba langu?"

Nikavua koti, nikamwachia ng'ombe.

Moreto akakata shauri papo hapo: beberu mmoja kwa Mhina, kwa kumharibia jina. Nilikuwa naye mmoja tu. Sipora akahamisha vigingi hatua kumi, na udongo wa chumvi ukatakiwa utoke shambani, kila shimo mpaka magotini, kwa jembe langu na mgongo wangu.

Rimoti ikarudi kwa Mhina, msimu mzima.

Nilikuwa shimo la tatu, jasho linaniingia machoni, niliposikia kigari kinanguruma nyuma yangu.

"Shemeji," Mhina akaita kutoka chini ya mwavuli, "sogea kidogo, nipite."

Nikasogea.