Bomba la Mtaa Wetu

Kisimani, Godavari alimwambia jirani yake Sunanda kwamba mtaa wetu unahitaji bomba. Kesho yake, kwenye mkutano wa kijiji, Sunanda aliinuka kati yetu wanawake tuliokaa nyuma, akafunua sari tunayojitanda kichwani mbele ya wanaume, akayasema yaleyale. Wanaume wakageuka kumsikiliza. Wivu ukamshika Godavari.

"Mnaokubali, nyosheni mikono," mwenyekiti akasema.

Mkono wa Godavari ukabaki ndani ya sari.

"Shoga, kwani leo ndoo zimekuwa nyepesi?" Sunanda akamtania. Tukacheka.

Godavari, ambaye hajawahi kufungua kinywa mkutanoni, akasimama.

"Bomba nalitaka. Lakini likae mlangoni kwangu, maana wazo ni langu!"

Mwenyekiti akatuuliza wengine tunaonaje. Tukafunua vichwa, na kila mmoja akalitaka mlangoni kwake.