Programu Zisizouzwa

Rungu la kwanza lilipasua kioo cha kompyuta. La pili lilitua kwenye mkono wa kulia wa Sijaona, aliyekuwa ameunyoosha kuikinga kompyuta iliyofuata, na mfupa ukalia kama shina kavu la mhogo. Wanafunzi wake walikurupuka wakatorokea dirishani. Agatha peke yake alibaki, mgongo ukutani.

"Leseni za programu ziko wapi?" aliuliza Koplo Lameck, amesimama mlangoni. Yeye hakushika rungu. Kazi hiyo aliwaachia mgambo wawili.

"Hizi haziuzwi, afande," Sijaona alisema, ameubana mkono kifuani. "Waliozitengeneza wameruhusu kila mtu azitumie, azifungue aone zilivyo, ampe na mwenzake."

"Bure?"

"Bure."

"Basi ni za wizi." Akawaashiria mgambo waendelee.

Kompyuta zenyewe zilikuwa chakavu, zimetupwa na ofisi moja ya Masasi baada ya kushindwa kubeba Windows mpya. Sijaona alizipandisha mpaka chumba hiki cha kupanga kando ya barabara ya Newala, akazipangusa vumbi, akaziwekea Linux, mfumo wa bure unaokubali hata mashine kuukuu, zikaamka. Mabinti wa wakulima wa korosho wakajifunza kuandika barua za kuomba kazi, na wachache, Agatha akiwemo, wakafika mpaka kuandika programu zao wenyewe.

Ubaya ulianza pale shule za jirani zilipomwomba aziwekee Linux na za kwao. Shule hizo zilikuwa shamba la Silvano, mfanyabiashara wa Masasi, aliyeziuzia kila mwaka programu za kulipia ambazo yeye mwenyewe alizinakili kwa wizi dukani kwake. Silvano alikuja, akasalimia vizuri, akakaa. Alimtaka Sijaona, ambaye alimwita Mama Salmini kwa jina la mwanawe, awaambie walimu wakuu kwamba kazi imemshinda, naye hatamsahau. Sijaona akamjibu kuwa haijamshinda. Silvano akacheka, akamalizia maji aliyopewa, akaaga. Siku tatu baadaye Lameck akaja na mgambo.

Sasa mgambo walifika kwenye kompyuta ya mwisho. Kioo chake kilikuwa cheusi, kimejaa mistari ya maandishi meupe.

"Na hii?" aliuliza Lameck.

Agatha alieleza kwa sauti ndogo kuwa ni programu yake, ya kumwonyesha mkulima kilo anazopunjwa kwenye mizani.

"Ya kuibia benki," alisema Lameck.

Agatha alipigwa kofi, kisha teke la mdomo alipoanguka. Sijaona akajitupa juu ya kompyuta na kuikumbatia kwa mkono mmoja. Walimtandika mbavuni mpaka mkono ukaachia wenyewe, wakapakia kila kitu kwenye gari, hata nyaya.

Kwenye zahanati, muuguzi aliutazama mkono uliovimba, akasema pole, ila majeruhi wa kipigo hatibiwi bila fomu ya polisi. Agatha, mdomo umepasuka, akamshika Sijaona kiunoni, wakapanda bodaboda mpaka kituoni.

Kwenye kaunta alikuwapo Lameck. Alikuwa amekwisha nawa, amekunja mikono ya shati. Alitoa fomu, akaandika tarehe, akainua macho.

"Pole sana, Mama Salmini," alisema. "Umepigwa na nani?"

Sijaona alimtazama. Nyuma ya kaunta, mlango wa stoo ulikuwa wazi, na mgambo mmoja alikuwa anazungusha nyaya kwenye kiganja.

"Nakusikiliza, mama."

Tone la damu likatoka mdomoni mwa Agatha, likadondoka kwenye kaunta. Lameck akaisogeza fomu pembeni, isichafuke.