Maji ya Mama yake Kiew

Mwaka huu Nyuk Lan ndiye aliyeshika usukani, kwa sababu baba yake mkubwa, Sen Fatt, alikuwa amelazwa kitandani na maumivu ya kiuno. Kila msimu wa kuzuru makaburi Sen Fatt humpakia mama yake, Bibi Kiew, akampitisha miji ya migodi ya bati mpaka bonde la maziwa. Hapo husimamisha gari kando ya barabara, ubani ukawashwa dirishani, wakarudi nyumbani Ipoh.

Mama yake Bibi Kiew alifukiwa na ukuta wa mgodi akichekecha mchanga kutafuta bati, Kiew akiwa bado mtoto wa kushika upindo wa nguo. Mwili haukupatikana. Mgodi ukaachwa, ukajaa maji ukawa ziwa, na maziwa ya aina hiyo bondeni yametapakaa kama vikombe baada ya harusi. Lipi lake, hakuna aliyejua.

“Safari hii ubani wangu utafika kwenyewe,” alisema Bibi Kiew akifunga mkanda. Mtoto wa jicho alishamziba jicho la kulia, na la kushoto lilikuwa na ukungu. “Mwakani nitaletwa kama gunia.”

Nyuk Lan aliwasha gari. Alikuwa mtu wa kumeza maneno. Aliendesha polepole, wakapita mji mkongwe wa Papan, ambako miti imeota ndani ya maduka ya zamani na mizizi imekumbatia kuta, huwezi kujua nani anamzuia mwenzake asianguke. Karibu na Tanjung Tualang alisimamisha gari bila kuambiwa. Mtambo wa kuchimbia bati ulikuwa umekaa juu ya kidimbwi chake, mrefu kama msururu wa nyumba, na ndoo zake za chuma zimening'inia, kila moja ingemtosha mtu kuogea. Nyuk Lan aliutazama mpaka shingo ikamuuma.

“Ulikuwa unatafuna ardhi usiku kucha,” alisema Bibi. “Tulilala na kelele zake. Siku uliponyamaza, kijiji kizima kiliamka.”

Walikunywa kahawa kwa Mzee Hiong, aliyewahi kufanya kazi ndani ya mtambo ule. Akauliza kama yule binti anaendesha gari au analibembeleza lilale. Bibi Kiew akamwambia heri gari linalochelewa kuliko meno yaliyotangulia. Mzee alicheka akiziba mdomo wake wenye mapengo, akawafungia keki za mchele za njiani.

Kisha ikaja milima ya mawe meupe, imesimama wima kutoka kwenye mashamba ya mabalungi, na chini yake maziwa. Maji yalitulia hivi kwamba kila mlima ulikuwa na pacha wake kichwa chini. Nyuk Lan alisahau kushusha pumzi.

Waliposhuka kwenye ziwa la kwanza, mvua ilianza. Akafungua mwavuli haraka amkinge Bibi.

“Funga,” alisema Bibi Kiew, kwa sauti ambayo Nyuk Lan hakuwahi kuisikia. “Kwenye bati hapafunguliwi mwavuli. Madini yanaona haya, yanakimbia. Na hapavaliwi viatu.”

Alikuwa ameshaanza kuvua. Sen Fatt hakumruhusu kamwe kwenda peku, maana Bibi ana sukari na kidonda kidogo kingeweza kumfanya akatwe mguu. Ndiyo maana hakuwahi kumshusha garini. Nyuk Lan alisita, akatazama ule mguu mkavu wenye mishipa. Halafu akavua vyake, akamshika Bibi mkono na kutangulia, akipapasa mchanga kwa nyayo zake mwenyewe, asije akakutana na kigae au mwiba.

Ziwa la kwanza Bibi alitikisa kichwa. La pili pia. La tatu lilikuwa limejificha nyuma ya mlima, na mchanga wake ulikuwa mweupe kama mwingine wowote. Bibi Kiew alipiga hatua chache, akasimama.

“Lan. Hebu weka mguu hapa.”

Nyuk Lan aliuweka kando ya mguu wa Bibi. Mvua ilikuwa baridi, mchanga baridi, lakini chini kabisa palipita uzi wa maji ya moto, ukipumua kati ya vidole.

Bibi Kiew alikaa chini palepale, kwenye tope. Hakuwahi kuyataja maji hayo kwa mtu, kwa kuwa hakujua kwamba anayakumbuka.

“Alikuwa ananikalisha hapa,” alisema. “Miguu ndani, nisilie, yeye akazame kazini.”

Ubani haukukubali kuwaka. Nyuk Lan hakuugusa mwavuli. Aliinama juu ya mikono ya bibi yake, mgongo ukawa paa, mvua ikampiga mpaka moshi ukapanda.

“Mama, ni Kiew,” alisema Bibi.

Moshi ulitambaa juu ya maji kuelekea mlima uliopinduka. Nyuk Lan, asiyesema mbele ya watu, alilitazama ziwa akasema: “Mimi Nyuk Lan. Mimi ndiye niliyemleta.”

Baada ya kitambo akauliza kama waende, maana Bibi alikuwa amelowa.

“Ngoja kidogo,” alisema Bibi Kiew, akizidi kuzamisha miguu. “Bado ni ya moto.”